Jani Kavu, Mzizi Uliolowa: Uchambuzi wa Kisa cha Kangaga la Pembe Jijini Dodoma

Kisa hiki kinahusu kangaga moja la pembe lililonunuliwa kando ya barabara mjini Morogoro mwezi Aprili, likatundikwa kwenye baraza ya nyumba moja ya mtaa wa Ilazo jijini Dodoma, na ilipofika Septemba lilikuwa limebakiwa na majani manne tu ya pembe, yote yameungua ncha, huku katikati yake pakitoka harufu ya uozo. Mwenye nyumba, mama mtumishi wa umma aliyehamishiwa Dodoma kutoka Tanga, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake kwamba mmea umekufa kwa kiu. Hukumu hiyo ilikuwa na misingi yake, kwa maana karibu kila alichokiona kwa macho kilimwelekeza huko, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Nimeona makangaga mengine ya pembe hapa Dodoma yakifa kwa njia hiyo hiyo mikononi mwa watu makini, waliokuwa wakiyahudumia kila siku, na kwa maoni yangu huduma hiyo iliyaua zaidi kuliko ukame wa hewa ya huku kwetu.

Mmea wenyewe

Kangaga la pembe ni la jenasi ya Platycerium, yenye spishi zipatazo 18. Nyingi ni za Asia ya kusini-mashariki na Australia, Afrika na Madagaska zina sita, na moja tu, Platycerium andinum, huota Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Bolivia. Lililohusika katika kisa hiki ni Platycerium bifurcatum, lenye asili ya Australia ya mashariki, ambalo ndilo linalopatikana zaidi kwa wauza miche kwa sababu ni gumu na huzaa machipukizi mengi. Makangaga haya huota juu ya magome ya miti, pengine juu ya miamba, wala hayanyonyi chochote kutoka kwa mti yanaoukalia. Maji yake ni ya mvua inayotiririka kwenye shina la mti, na chakula chake ni majani makavu yanayonaswa, vumbi, na mabaki ya wadudu na ndege.

Lina majani ya aina mbili, na asiyezitofautisha atalitunza kwa kubahatisha. Kuna majani ya ngao, mapana na ya mviringo, yanayojibandika kwenye gome na kufunika mizizi. Huota yakiwa ya kijani, kisha baada ya miezi kadhaa hugeuka kahawia na kukauka kabisa, lakini hayadondoki. Jani jipya hulalia la zamani mpaka linapatikana tabaka nene linaloshika unyevu, kukinga mizizi na kuoza polepole likawa mbolea. Kisha kuna majani ya pembe, yenye ncha zilizogawanyika, yanayochomoza mbele ya ngao. Haya ndiyo yanayobeba spora, yaani chembe za kuzalia, ambazo zikiiva huonekana kama bamba la rangi ya kahawia upande wa chini wa ncha, jambo linalowatia watu wengi hofu ya ugonjwa bila sababu. Majani ya pembe yamevikwa vinyweleo vyeupe vidogo sana, ambavyo ukivitazama kwa kioo cha kukuzia vina umbo la nyota, na kazi yake ni kupunguza upotevu wa maji na kulikinga jani na mwanga mkali. Ukipitisha kidole, unga mweupe hubaki kidoleni, na jani lililokwisha kukomaa halioti vinyweleo vingine badala ya vile vilivyofutwa.

Sasa mmea wa namna hiyo umeletwa Dodoma, mji ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, unaopata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Amani, kule Usambara Mashariki, ambako makangaga hujiotea juu ya miti bila kusaidiwa na mtu, hupata zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Hata hivyo upungufu wa mvua si tatizo kubwa kwa mmea uliotundikwa barazani, kwa kuwa maji ya kumwagilia yapo. Tatizo liko katika hewa. Hewa yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 40, ambayo ni hali ya kawaida kwa mchana wa Oktoba hapa Dodoma, ina nguvu ya kukausha zaidi ya mara nne ya hewa ya kivuli cha msituni yenye nyuzi joto 24 na unyevu wa asilimia 80. Juu ya hilo kuna upepo wa mashariki na kusini-mashariki unaovuma kiangazi chote, ule unaopeperusha vumbi jekundu na kuufanya mlango usiofungwa vizuri upige kelele usiku kucha.

Mambo yalivyokwenda

Mmea ulifika ukiwa mzima kabisa. Ulikuwa umefungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki juu ya ubao wa mninga, mizizi yake imezungushiwa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na ulisafiri na mwenyewe kwa treni ya mwendokasi ukiwa umefunikwa khanga, bila kupoteza hata jani moja njiani. Ukatundikwa kwenye baraza ya mbele inayotazama mashariki, mahali panapopendeza wageni wakiingia, na mwezi wa Mei wote ukawa unamwagiliwa mara moja kwa wiki.

Mwezi Juni ncha za majani ya pembe zilianza kugeuka kahawia. Mama akaongeza maji, kwanza siku moja moja, kisha kila jioni, kwa mpira wa bomba ulioelekezwa juu ya mmea ili maji yashuke mpaka chini. "Niliona linanyauka, mwanangu," alinieleza, "na mimi nimelelewa Tanga, kwetu mmea ukinyauka unapewa maji." Julai vumbi lilizidi, akawa anayafuta majani kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi wakati wa usafi wa nyumba, mpaka yakawa yanang'aa. Agosti aliyaona majani ya ngao yamekauka yote, akayabandua moja moja akidhani anauondolea mmea takataka. Alipoona mizizi imebaki wazi, aliisitiri kwa mchanganyiko wa udongo wa bustani na samadi ya mbuzi, akaufunika kwa usumba mpya aliotumiwa kutoka Tanga. Katikati ya Septemba harufu ikaanza. Jirani yake, ambaye hununua miche kwangu, ndiye aliyenipigia simu.

Yaliyoonekana ubaoni

Jambo la kwanza lilikuwa uzito. Kwa kuutazama tu, mtu angesema mmea ule umekaa wiki nzima bila maji, kwa sababu usumba wa nje ulikuwa mkavu unaokatika ukiufikicha. Lakini ubao ulipoteremshwa kwenye msumari ulikuwa mzito kama godoro lililonyeshewa. Nilichomeka njiti ya mshikaki kwenye usumba kwa kina cha kama vidole viwili. Ilipotoka, nchani mwake ilikuwa na rangi nyeusi, imelowa, na ina harufu ya dimbwi. Upepo ulikuwa umekausha ganda la nje tu, na ganda hilo ndilo lililokuwa likiguswa kila jioni ili kuamua kama mmea unahitaji maji.

Kwenye kingo za ubao kulikuwa na ukoko mweupe, na ukoko huo huo ulikuwa kwenye vipande vya ngao vilivyosalia. Majani ya pembe yalikuwa na ncha za kahawia zenye mpaka unaoonekana waziwazi, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya kijani kisicho na uhai, laini, bila unga wowote. Moyo wa mmea, yaani pale majani mapya yanapotokea, ulikuwa mweusi na ulibonyea kwa kidole, maji yakatoka. Sehemu ya chini ya ngao ilikuwa na madoa meusi. Chini ya jani moja kulikuwa na wadudu gamba wachache, wasiotosha kuudhoofisha mmea wa ukubwa ule. Na pembeni, upande wa juu kushoto, mahali ambapo samadi haikufika na maji hayakutuama, kulikuwa na machipukizi matatu, kila moja na ngao yake ndogo ngumu ya kijani kilichopauka. Bila machipukizi hayo uchambuzi huu ungeishia hapa.

Kupima sababu moja moja

Baridi niliiondoa mapema. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na spishi hii huvumilia baridi kali zaidi ya hiyo kwa mbali. Jua nalo halikuwa mkosaji mkuu, ingawa baraza ya mashariki hupigwa na jua la asubuhi: jani lililochomwa na jua hupata baka lililopauka kwenye uso unaotazama mwanga, ilhali hapa zilikuwa ncha za majani yote, hata yale ya nyuma yasiyopata jua kabisa.

Kuvu kulihitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu jirani mwingine alikwisha kushauri inunuliwe dawa ya ukungu. Madoa meusi kwenye ngao za mmea huu yanafahamika. Mara nyingi huletwa na kuvu wa jenasi ya Rhizoctonia, ambaye hushamiri ngao zikikaa zimelowa bila kukauka. Lakini ukifuata mtiririko wa matukio, ncha ziliungua Juni na madoa hayakuonekana mpaka mwagilio wa kila siku ulipokuwa umekwisha kuzoeleka. Kuvu aliingia nyumba iliyokwisha kufunguliwa mlango. Dawa ingeweza kumpunguza kwa wiki chache, na mwagilio ule ule ungemrudisha.

Inabaki kiu, na hapa ningependa kumtendea mama haki. Mwezi Juni alikuwa sahihi: majani yalikuwa na upungufu wa maji kwelikweli. Upepo na hewa kavu vilikuwa vikiyatoa maji kwenye majani kwa kasi ambayo mizizi, hata ikiwa mizima na imelowa, haikuweza kuifikia. Tiba ya hali hiyo ilikuwa kulipunguzia jani hasara, yaani kuuondoa mmea kwenye upepo. Badala yake maji yaliongezwa mzizini, mahali ambapo hayakupungua. Mizizi ya mmea wa juu ya mti imezoea kulowa kwa saa chache kisha kupata hewa. Ikikaa majini usiku na mchana hukosa hewa na kufa. Mzizi uliokufa haunywi, kwa hiyo jani huzidi kukauka, na anayeliona huzidi kumwagilia. Mzunguko huo ukishaanza, kila dalili inayoonekana inamsukuma mwenye mmea kurudia kile kile kinachouharibu, na simwoni mtu ambaye angeutambua kwa kutazama majani peke yake.

Kufuta majani kuliharakisha mambo kuliko anavyoweza kudhani mtu asiyejua kazi ya ule unga. Jani la pembe lililovuliwa vinyweleo vyake katikati ya Julai, kwenye baraza yenye upepo wa Dodoma, limenyang'anywa kinga wakati ule ule linapoihitaji zaidi. Vumbi letu ni jingi na linakera macho, nakubali, lakini liachwe mpaka mvua ilioshe, au lipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Kubandua ngao nako kulifanya vivyo hivyo kwa mizizi.

Kisha kuna chumvi, na hili kwa Dodoma linahitaji nafasi yake. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa ni ya chini ya ardhi, na visima vinavyojulikana zaidi ni vya eneo la Mzakwe. Ni maji magumu. Kila mwenye birika la umeme hapa anaujua ukoko mweupe wa chini yake. Mmea uliopandwa ardhini hauumii sana, kwa kuwa mvua za masika huzisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Mmea wa ubaoni hauna pa kuzisukumia: maji hupaa, chumvi hubaki kwenye usumba. Tuchukulie mfano wa maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita, na lita moja inayobaki ubaoni na kupaa kila siku. Katika siku 90 zitakuwa zimebaki gramu 45, yaani vijiko vya chai saba au vinane vya chumvi vilivyofungwa pamoja na mizizi ya mmea ambao kwao hunywa maji ya mvua. Samadi ya mbuzi iliongeza chumvi zake juu ya hizo. Na huenda hata ule usumba mpya ulikuja na za kwake, kwani makumbi ya pwani mara nyingi hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kabla ya kupigwa, na usumba wa namna hiyo usiposuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi hubaki na chumvi ya bahari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: upepo na hewa kavu ndivyo vilivyoanzisha, mwagilio wa kila jioni na samadi ndivyo vilivyoua, na chumvi pamoja na ule usafi wa Jumamosi viliharakisha. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kubadilisha katika historia yote ile, ningebadilisha mahali mmea ulipotundikwa.

Tiba

Tuliondoa samadi, udongo na usumba wote uliooza, tukakata kwa kisu kilichochemshwa kila mzizi na kipande cha shina kilichokuwa cheusi, mpaka tukafika kwenye sehemu ngumu yenye rangi ya kijani kibichi. Moyo wa mmea mama ulikatwa kiasi, ingawa nilimweleza mama kwamba sitegemei utapona. Vipande vya ngao vilivyosalia viliachwa palepale. Mmea ulikaa kivulini bila maji hadi majeraha yakakauka, kisha ukafungwa tena na usumba uliosuuzwa, safari hii tabaka jembamba lisilozidi kidole kimoja. Wadudu gamba waliondolewa kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye maji ya sabuni. Dawa zenye mafuta sizishauri kwa kangaga lolote, kwa sababu majani yake huungua kirahisi.

Suala la maji lilitusumbua zaidi. Septemba hakuna mvua ya kukinga. Kuchemsha maji ya bomba na kuyaacha yatulie husaidia nusu: sehemu ya chokaa hutua chini, lakini chumvi ya kawaida hubaki. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanakaribia kuwa maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi, na ofisini kwa mama viyoyozi vipo, ila hewa ikiwa kavu kiyoyozi hudondosha kidogo sana, kwa hiyo maji hayo hupungua katika miezi ile ile yanayohitajika. Mwishowe tulichanganya: nusu maji ya bomba yaliyochemshwa na kutulizwa, nusu maji ya kunywa ya dumu yaliyochujwa chumvi. Gharama haikuwa kubwa, kwa maana ubao mmoja hautumii zaidi ya lita chache kwa juma. Na kwa kiangazi kilichofuata mama alifunga mfereji kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo hata paa la mita za mraba 60 linalopoteza sehemu ya tano ya maji kwa kumwagika na kupaa lingekinga zaidi ya lita 27,000 kwa mwaka wa mvua ya wastani. Tanki la plastiki la lita 1,000 lililojaa Aprili linatosha mbao kadhaa mpaka Desemba.

Mwagilio wenyewe ulibadilishwa kabisa. Mpira wa bomba uliwekwa kando. Ubao sasa huchovywa kwenye beseni mpaka mapovu yakome, hutolewa, husimamishwa wima mpaka usidondoshe tena, ndipo hurudishwa msumarini. Siku ya kuchovya tena haipangwi kwa kalenda wala kwa kugusa; inaamuliwa na uzito. Mama alinunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ya aina wanayotumia wauza samaki, na baada ya kuifuatilia kwa wiki kadhaa akapata namba zake mwenyewe: ubao ukitoka majini una kilo nne na robo, na hurudi majini ukishafika kilo tatu. Kiangazi hilo huchukua siku tano au sita, mvua zikinyesha siku kumi na zaidi. Aliyazoea haya haraka, nadhani kwa kuwa namba ya mizani haibishaniwi.

Mahali papya palikuwa ua wa nyuma, karibu na karo la kufulia, ambapo ukuta huzuia upepo wa mashariki na sakafu hulowa karibu kila siku. Juu yake kuna kichanja cha mzabibu, na mama aliupenda sana mpango huo wa kivuli cha majani. Una kasoro moja ya Kidodoma. Mzabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka na hupogolewa baada ya mavuno, na ukishapogolewa kichanja hubaki fito tupu huku jua la saa sita likishuka moja kwa moja. Ikabidi itafutwe neti ya kivuli ya kutandazwa juu ya kichanja mpaka majani yarudi. Kuhusu kunyunyizia majani maji kwa chupa ya dawa, ambako wengi hukushauri, mimi sikuona faida: katika hewa yetu unyevu ule hutoweka baada ya dakika chache, na maji magumu huacha madoa meupe kila mara. Kupanga mimea mingine karibu na ubao, kwenye kona isiyo na upepo, kulifanya kazi zaidi.

Matokeo

Oktoba hapakutokea chochote. Novemba mmea mama ulikufa kama ilivyotarajiwa, na mabaki yake yakaachwa ubaoni yaendelee kuyashikia machipukizi unyevu. Chipukizi moja nalo lilinyauka na kufa kabla ya mvua. Mawili yaliyosalia yalikaa kimya mpaka Januari, mvua zilipokuwa zimekolea, ndipo kila moja likatoa ngao mpya kwa pamoja, za kijani, zikitambaa juu ya mabaki ya mama yao.

Mama alitaka kulitenga moja amtumie mdogo wake Tanga. Nilimsihi asubiri mpaka ngao zifikie upana wa kiganja. Mwaka 2021 Kevin Burns, mtafiti wa New Zealand, na wenzake walichapisha maelezo ya spishi hii hii jinsi inavyoishi katika kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia, ambako mimea mingi hukaa pamoja kwenye shina moja la mti, ikiwa imeunganishwa na mtandao mmoja wa mizizi, na baadhi yake haitoi spora kabisa bali huonekana kusaidia kukusanya maji kwa ajili ya kundi zima. Kama ndivyo, chipukizi linalong'olewa mapema linakatwa kwenye mfumo wake wa maji, na Dodoma si mahali pa kulifanyia mche jaribio hilo. Lililotengwa baadaye, mwishoni mwa mvua, lilifika Tanga salama, na kwa habari tulizonazo linakua kwa kasi kuliko lililobaki huku.

Lililobaki limepita kiangazi kizima. Lina majani saba ya pembe, na matatu kati ya hayo yana ncha zilizoungua kwa urefu usiozidi sentimita moja. Mama alinitumia picha akiuliza kama balaa limeanza upya. Nilimwomba aupime ubao kwanza. Ulikuwa na kilo tatu na nusu, wenye afya. Ncha za namna hiyo katika Agosti ya Dodoma sizihesabu kuwa ugonjwa, na sidhani kuna utunzaji wa barazani utakaozizuia zote.

Sasa anatamani kangaga la pili, la nyumbani. Tanzania ina spishi zake za jenasi hii, mojawapo ikiwa Platycerium elephantotis, ambalo majani yake ya pembe hayagawanyiki bali huning'inia mapana mfano wa masikio ya tembo. Kwao hupitia majira ya ukame kila mwaka, kwa hiyo katika suala la maji lingeifaa Dodoma zaidi ya lile la Australia, ila baridi hulisumbua zaidi. Kizuizi ni namna ya kulipata. Kuling'oa kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mmea mkubwa uliobanduliwa kwenye mti huchukua muda mrefu kupona, hata ukipona. Kwa hiyo mama amekubali kusubiri chipukizi kutoka kwa mtu anayelikuza mwenyewe, na ametenga kwa ajili yake ukuta wa jikoni, ambao ndio unaobaki na joto usiku wa Julai.